Sura ya Tano: Mashine Kabla ya Siku Yake

Bango lilitundikwa jana jioni, na kufikia asubuhi ya Jumatano Kihonda nzima ilikuwa imelisoma: ZETA MPYA IMETUA, IPO KWA MIKIDADI. Herufi zilikuwa nyekundu, zimechorwa kwenye shuka jeupe. Chini yake, mlangoni mwa banda la gemu, vijana walikuwa wamesimama kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa. Aliyekaa aliinuka. Aliyetazama simu aliirudisha mfukoni na kuitoa tena papo hapo.

Sajenti Mwamvita wa upelelezi alisimama kwa muuza chipsi ng'ambo ya barabara, akaagiza soda ambayo hakuinywa, akawatazama. Hakuvaa sare. Kwa gauni lile la kitenge na mtandio mweusi, mtu angemdhania mama wa mmoja wao, kaja kumtafuta mwanawe.

Mashine ya gemu ya Zeta ilikuwa ianze kuuzwa dunia nzima Ijumaa, si kabla. Morogoro iliingia moja tu. Wakala wa Dar es Salaam aliituma Jumatatu kwenye duka la vifaa vya umeme la Deogratias, katikati ya mji, iwe ya maonyesho siku ya uzinduzi, kwa sharti kwamba isifunguliwe wala isionwe na mtu kabla ya siku hiyo. Jumanne jioni haikuwepo. Furaha, msichana wa duka, alilala mahabusu usiku huo, na kesho asubuhi angesomewa shtaka la wizi. Kwa hiyo kama kweli kulikuwa na Zeta Kihonda, ilikuwa hiyohiyo moja.

Mwamvita akavuka barabara.

"Dada, foleni inaanzia kule nyuma," kijana mmoja alimwambia.

"Foleni ya nini?"

"Ya kuiona. Kucheza ni Ijumaa, tumeshaweka oda."

"Mmeweka oda ya mashine?"

"Mashine nani ataiweza? Tumeweka oda ya zamu. Mimi nacheza mechi ya pili. Huyu hapa kapata ya mwisho kabisa, ndiyo maana ana sura hiyo."

Mwenye sura hiyo hakucheka. Alikuwa anachungulia ndani kupitia tundu la bati.

Mwamvita akapita katikati yao, akasukuma pazia. Ndani kulikuwa na runinga nne za zamani zimezimwa, na juu ya rafu iliyozungushiwa waya wa kuku lilikaa boksi jeusi lenye picha ya Zeta, likitoa mwanga wa bluu kwa chini. Mikidadi mwenyewe, kijana mwembamba mwenye kofia imegeuzwa nyuma, alikuwa ameketi mbele yake kama mlinzi wa benki.

"Haiguswi, dada. Sheria ya kampuni. Mpaka Ijumaa."

Mwamvita akamwonyesha kitambulisho. Mikidadi akakisoma, akatazama pazia, akaenda kuliteremsha vizuri hadi chini.

"Afande, naomba uongee taratibu."

"Fungua waya."

"Afande, nakuomba."

"Nikiufungua mimi, nitaufungua mlango pia."

Waya ukafunguliwa. Mwamvita akaliinua boksi na mkono wake ukapaa juu kuliko alivyotarajia, maana halikuwa na uzito wa kitu. Akaligeuza. Kwa nyuma lilikuwa plaiwudi tupu, misumari inaonekana, na ndani yake tochi ya bluu imefungwa kwa utepe wa gundi.

"Nani kakutengenezea?"

"Fundi seremala wa hapo nyuma. Picha nimechapisha mjini." Mikidadi akashusha sauti zaidi. "Afande, mimi ndiye niliyeweka oda ya kwanza kwa Deogratias. Ya kwanza kabisa, hata tarehe ya uzinduzi ilikuwa haijatangazwa. Ijumaa nachukua ya kweli, naiweka hapo, hakuna atakayejua. Sasa nasikia ile ya maonyesho imepotea na wakala kasema ikipotea hiyo hatumi nyingine Morogoro. Unawaona hao waliopo nje? Ijumaa pasipokuwa na kitu, watanichoma mimi na banda."

"Jumatatu ulikwenda dukani?"

"Nilikwenda saa za kufunga. Nilimwomba Furaha nilione boksi tu, kwa nje. Akanifukuza. Akasema hata bosi wake haruhusiwi kuliona, sembuse mimi. Wala kichwa hakuinua, kashikilia uzi wake wa njano anashona."

"Anafuma vitambaa."

"Vitambaa anafuma kila siku, nimeshamzoea. Jumatatu alikuwa na sindano kubwa, ndefu kama msumari. Nikamuuliza, unashona koti la tembo? Akaniambia toka."

Mwamvita akalirudisha boksi la plaiwudi mahali pake, akalinyoosha likae sawa.

"Nitoe bango, afande?"

"Usilitoe. Palipoandikwa 'imetua' andika 'inakuja.' Angalau usiwe mwongo mpaka Ijumaa."

Alipotoka nje simu yake ililia. Alikuwa Afande Castory, mkuu wake wa upelelezi, mtu ambaye salamu yake ni swali.

"Kihonda umepata nini?"

"Ubao, afande."

"Ubao?"

"Plaiwudi iliyopakwa rangi."

"Mwamvita, mlalamikaji ananipigia simu kila baada ya muda mfupi. Funguo za stoo alikuwa nazo yule binti, mali imepotea mikononi mwake, maelezo yake tumeyapima yameonekana ya uongo. Jioni ya leo nafunga jalada. Kama huna kitu, kesho linakwenda mahakamani kama lilivyo."

* * *

Furaha aliletwa kutoka mahabusu akiwa pekupeku, mikono ameifumbata. Vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vinasokota ncha ya khanga, vinaifungua, vinaisokota tena.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Niambie tena tangu boksi lilipofika."

"Nimeshasema, afande. Kila nikisema wanaandika machache zaidi."

"Mimi siandiki. Sema."

Furaha akaeleza. Boksi lilikuja na basi la mchana. Bosi akaliona, akaanza kuzunguka dukani kama mtu mwenye jino linalouma. Rafiki zake wanapiga simu, wateja wa oda wanasimama mlangoni, naye anajijua: akiona kitu hawezi kuacha kukionyesha. Mwishowe akamwambia, Furaha, lifiche hilo boksi mahali ambapo hata mimi sipajui, maana nikipajua nitalifungua, na nikilifungua wakala atanifuta. Akatoka, akamwachia funguo.

"Ukalificha wapi?"

"Kwenye gunia langu. Mama alinitumia mchele kutoka Dakawa, ulifika mchana huohuo. Nikaupunguza karibu nusu kwenye ndoo, nikaweka boksi katikati, nikalizungushia mchele uliobaki, na juu nikafunika. Nikashona mdomo kwa uzi wangu, nikaliacha pale mlangoni mwa stoo. Nilijua mwizi atatafuta juu ya rafu, hatatafuta miguuni. Saa za kufunga nikamrudishia bosi funguo, mkononi. Hakuniuliza na mimi sikumwambia, ndivyo alivyotaka."

"Jumanne?"

"Nilishinda kaunta. Stoo ilikuwa imefungwa, bosi kasafiri na funguo. Jioni karudi, kaingia, kaniita. Mlangoni hakuna gunia. Askari walioitwa wakatafuta, wakaja na gunia kutoka nyuma ya maboksi, wakalichana kwa kisu mbele yangu, mchele mtupu. Nikasema hilo si langu. Wakasema, kumbe la nani?" Akanyanyua macho. "La nani, afande?"

"Hukuliona kabla?"

"Sikuwahi kuliona. Langu mshono wake wa njano, nimeupiga msalaba msalaba kama ninavyomalizia vitambaa. Hata gizani ningeujua kwa kidole."

Mwamvita akafungua taarifa ya upekuzi wa chumba cha Furaha, ambayo koplo mmoja aliandika kwa haraka. Kitanda, sanduku la nguo, jiko la mkaa, ndoo moja ya mchele. Hakikuonekana chochote, taarifa ilimalizia.

Akaifunga. Mtu anayetumiwa gunia zima na mama yake hachoti mchele kwenye ndoo akaacha gunia dukani bila sababu.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hajui. Nimemwambia simu imeharibika." Vidole vikasokota khanga. "Nikipelekwa kesho itamfikia. Mtu wa Dakawa hakosekani mahakamani."

* * *

Mbele ya duka la Deogratias vijana wengine walikuwa wanatembea huku na huku barazani, wale wa mjini, wenye oda za mashine yenyewe. Mmoja, mwanafunzi wa Mzumbe kwa fulana yake, alimzuia Mwamvita mlangoni akidhani ni mteja.

"Mama, kama ni Zeta usisumbuke. Sisi wenyewe hapa tunasubiri kuambiwa tusubiri hadi lini."

Ndani, Deogratias alikuwa anazungumza kwenye simu mbili. Alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, Mnyamwezi wa Nzega aliyeishi Morogoro mpaka akasahau njia ya kurudi, mcheshi, mwepesi wa maneno. Leo ucheshi ulikuwa umembana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kasema? Yule msichana kasema kaipeleka wapi?"

"Nataka kuiona stoo tena."

Njia ya stoo ilizibwa na boksi la runinga. Deogratias akalitazama, akaita, "Fidelis, njoo utoe hili." Akamgeukia Mwamvita. "Mgongo wangu, afande. Daktari kanikataza kubeba hata mjukuu."

Fidelis, mlinzi wa usiku aliyekuwa bado hajaenda kulala, akaja akalivuta boksi pembeni. Deogratias akarudi kwenye simu zake.

Sakafuni mwa stoo mchele ulikuwa bado umemwagika, umefagiliwa kando tu. Mwamvita akachuchumaa. Akalivuta gunia lililochanwa. Kisu kilipita ubavuni, mdomo wa gunia haukuguswa. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe, mnyororo ulionyooka, mshono wa mashine ya dukani. Alikaa amechuchumaa hivyo kwa muda, akipitisha kidole gumba juu ya mshono, mpaka Fidelis akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Baba Fidelis, duka la redio lina biashara gani na mchele?"

"Huo ni wa bosi. Ni wa msiba."

"Msiba gani?"

"Kafiwa mtani wake huko Mgeta, Kasimiri, anayemletea kabichi. Kafiwa na mama. Bosi kanunua gunia Jumatatu jioni apeleke rambirambi. Nililipokea mimi kutoka kwa bodaboda, Furaha keshaondoka."

"Ukaliweka wapi?"

"Bosi alinifungulia stoo, mimi nikaliingiza. Nikaliweka nyuma ya maboksi ya runinga, lisije likatobolewa na panya wa mlangoni."

"Na bosi alikuona unapoliweka?"

"Alikuwa kwenye simu."

"Alfajiri ya jana, alipoondoka, nani alimtolea gunia?"

"Mimi nilikuwa nakunywa chai kwa mama lishe. Nilirudi nikamkuta keshalitia kwenye buti, anafunga."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mwamvita akainuka, akajipangusa magoti. "Na hawa waliolichana hili, walilikuta wapi?"

"Nyuma ya maboksi ya..." Fidelis akaishia hapo. Akatazama maboksi. Akatazama mlango. Akavua kofia yake bila sababu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mbona hukusema?"

"Waliniuliza habari za mashine, afande. Habari za mchele hakuna aliyeniuliza."

Mwamvita akatoka hadi kaunta, akasubiri mpaka simu zote mbili ziwe zimewekwa chini.

"Mzee, pole na msiba wa Mgeta."

Deogratias akashangaa, kisha uso ukalegea kidogo. "Ahsante. Yule mama alikuwa mtani wangu mkubwa. Nilipofika tu wakaanza, Mnyamwezi kaja mikono mitupu. Nikawaambia tokeni hapa. Gari halifiki pale nyumbani, kuna kilima hivi. Nikatia gunia begani, nikapanda nalo mwenyewe mpaka uani. Watu walipiga vigelegele. Wakasema kweli wapagazi hamjafa wote."

"Gunia la kilo hamsini."

"La hamsini."

"Begani."

"Hapa."

"Na mgongo?"

Deogratias akapeleka mkono kiunoni. Nje mmoja wa wale vijana alikuwa anagonga kioo kwa funguo, taratibu, bila kukoma.

"Lilikuwa na mshono wa rangi gani?" Mwamvita akauliza.

"Afande, nani anaangalia..." Akashika kaunta. "Hapana. Hapana, lile ni langu, nimelinunua mimi."

"Ulilonunua liko sakafuni mwa stoo yako, limechanwa kwa kisu. Ulichukua la mlangoni. Hilo la mlangoni ni la Furaha."

Deogratias aliketi, akasimama hapohapo.

"Leo," alisema. "Leo wanaanua tanga. Wanapika kila kitu."

* * *

Walikwenda kwa gari lake. Simu ya Kasimiri ilikuwa haipatikani. Mwamvita alijaribu tena walipoipita njia ya Mzumbe, na tena waliposhika barabara ya mlimani, mpaka mtandao wenyewe ukakatika. Malori ya kabichi yaliteremka yakiwabana ukingoni, na kila mara ilibidi wasimame kuyapisha. Kila waliposimama Deogratias alipigapiga usukani kwa kiganja.

Waliacha gari palipoishia njia. Kutoka juu ya kilima moshi wa kuni ulikuwa mwingi, na harufu ya vitunguu imeshaanza.

Uani mawe ya mafiga yalibeba masufuria matatu makubwa. Wanawake walikuwa wanapeta mchele kwenye nyungo. Wanaume walikaa kwenye majamvi chini ya turubai, na Kasimiri, mfiwa, mtu mrefu aliyenyoa kichwa, aliinuka alipomwona mgeni wake.

"Mtani, umerudi. Njaa imekurudisha?"

"Kasimiri, nisikilize. Gunia nililoleta jana. Nalitaka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliolia siku tatu na kupata nafasi ya kuacha.

"Mnyamwezi kafuata mchele wake," mzee mmoja alitangaza kutoka jamvini. "Nilisema mimi. Jana alipoondoka alikuwa anageuka geuka nyuma."

"Au marehemu kaukataa?"

"Mpeni, lakini aondoke na msiba pia."

"Sitanii," alisema Deogratias. "Jamani, leo sitanii. Ndani ya lile gunia kuna mashine."

Wakacheka mpaka mmoja akalala chali. Mwanamke mmoja akaja akamfunga Deogratias khanga kiunoni kwa nyuma kabla hajamwona. Kadiri alivyokasirika ndivyo walivyofurahi, maana hasira ya mtani msibani ndiyo iliyokuwa inatafutwa.

Mwamvita akasogea mbele na kitambulisho. "Naitwa Sajenti Mwamvita, natoka kituo cha polisi mjini."

"Na polisi kamkodi," alisema yule mzee. "Huyu kagharamia kweli."

Mwamvita akakirudisha kitambulisho. Aliuona mlango wa stoo, chumba kidogo cha udongo kando ya jiko. Mbele yake aliketi Mama Joyce, binamu wa Kasimiri, mama wa makamo aliyefunga funguo kwenye pindo la khanga. Magunia mawili yalikuwa yameshatolewa nje, yamefunguliwa. La tatu lilikuwa bado njiani, vijana wawili wamelishusha kwenye kona ya uwanja wakipumua kwa nguvu. Mwamvita akatazama yaliyofunguliwa. Uzi mweupe. Uzi mweupe.

Hapa, kila neno kutoka kinywani mwa Deogratias lingekuwa utani, hata angeapa. Kwa hiyo Mwamvita hakumtetea. Aliwageukia wenye msiba.

"Mama Joyce, shikamoo. Mtani akidai kitu chake msibani, kwenu mnafanyaje?"

"Marahaba. Anapigwa faini."

"Basi mpigeni. Jana alibeba gunia begani mpaka hapa, sivyo?"

"Tulimwona wote."

"Hapo kwenye kona kuna lingine. Alibebe kutoka pale hadi mlangoni kwako. Akiweza, ameshinda, mpeni lake. Asipoweza, mimi nitauliza swali moja."

Walipenda. Watu wakasimama, wakafanya njia. Deogratias akamtazama Mwamvita kwa macho ya mtu aliyeuzwa, akaenda, akainama, akalikumbatia gunia. Likasogea upande mmoja. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka, gunia likanyanyuka kiasi cha kupitisha soli ya kandambili na kurudi chini. Akashika kiuno.

Vicheko vilipanda, kisha vikaanza kupungua, kimoja kimoja, vilipomfikia Kasimiri.

"Jana ulipanda nalo kilima kizima," Kasimiri alisema polepole. "Tena huku unapiga hadithi."

"Ndilo swali langu," alisema Mwamvita. "Jana alibeba nini?"

Mama Joyce alikuwa ameshainuka. "Nililipokea mimi kutoka begani mwake," alisema. "Nikaliingiza kwa mkono mmoja na nusu. Nikasema moyoni, mchele wa mjini huu umekaushwa mpaka umeisha. Nikaliweka mwisho, lipikwe mwisho, nisiaibishe mtu mbele ya watu." Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo.

Stoo ilikuwa na giza. Mwamvita hakuwasha tochi. Alipiga goti kwenye kona aliyoonyeshwa, akapapasa mdomo wa gunia kwa ncha za vidole. Msalaba. Msalaba. Msalaba. Akalivuta hadi mwangani na watu wakaona uzi wa njano.

Akawaita Kasimiri na Mama Joyce wawe mashahidi. Akapiga picha mshono kabla ya kuukata, akaukata ncha moja tu, akaufumua taratibu, uzi wote ukatoka mzima. Mkono wake ukaingia kwenye mchele mpaka kwenye kiwiko na kukuta kona ngumu. Boksi likatoka na vumbi jeupe, karatasi ya wakala bado imeliziba, haijachanika.

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alisoma kwa sauti, "Ze-ta," akanyamazishwa.

Deogratias alikuwa ameshanyoosha mikono. Mwamvita akaliweka boksi upande wake wa pili.

"Hiki ni kielelezo, mzee. Kinakwenda kituoni."

"Ijumaa ni keshokutwa. Wale vijana..."

"Kitatoka utakapofuta malalamiko. Na malalamiko yako ni juu ya mtu. Utayafuta ukiwa umesimama mbele ya mtu huyo."

Walimwonyesha mahali penye mtandao, jiwe kubwa juu ya shamba la njegere. Mwamvita akapanda juu ya jiwe, akampigia Afande Castory, akamweleza kwa maneno machache. Castory akasema, "Subiri," na hatua zake zikasikika kwenye korido, na komeo.

"Afande?" ilikuwa sauti ya Furaha.

"Tumelipata."

"Mshono uliukuta?"

"Nimeukuta. Ninao mfukoni."

Mwamvita akateremka, akarudi uani, mtandao ukiwa umebaki alama moja, akampa Deogratias simu. Yeye aliishika kwa mikono miwili. Khanga aliyofungwa kiunoni ilikuwa bado inaning'inia.

"Bosi, shikamoo," alisema Furaha.

"Marahaba," alisema Deogratias.

"Ule mchele ni wa mama yangu," sauti ikasema, nyembamba, ikikatika katika. "Usiurudishe mjini. Waambie wafiwa wapike. Waambie poleni."

Mtandao ukakatika. Deogratias akampa Mwamvita simu, akamsogelea Mama Joyce, akamnong'oneza. Mama Joyce akamsikiliza mpaka mwisho. Msibani kila kinacholetwa hutangazwa kwa jina la aliyekileta, na jana hili lilikuwa limetangazwa kwa jina la Deogratias, kwa vigelegele.

Mama Joyce akasimama kwenye mlango wa stoo.

"Gunia la mchele wa Dakawa," alitangaza, na majamvi yakatulia kumsikiliza. "Si la mtani. Ni la Furaha, yuko mjini, anasema poleni."

"Tumepoa," watu wakaitikia.

Akaliinua lile gunia lililopungua kwa mkono mmoja na nusu, akaenda nalo jikoni. Deogratias akalifuata kwa macho, kisha akatoa funguo za gari, akampisha Mwamvita. Mwamvita akateremka kilima haraka na boksi kifuani, bila kusubiri chakula.